Kufunga Mizigo ya Safari Kitale na Bungoma

Katika nchi iliyo kati ya Mlima Elgon na mto Nzoia, ukubwa wa mzigo wa safari haukuwahi kuamuliwa na msafiri peke yake. Uliamuliwa na kilichoubeba: kichwa cha mtu, mgongo wa punda, gari la kukokotwa na ng'ombe, behewa la treni na, mwishowe, basi. Kila chombo kilipobadilika, namna ya kufunga vitu nayo ilibadilika. Kwa hiyo historia ya Kitale na Bungoma kwa miaka 140 hivi iliyopita inaweza kufuatwa kwa kutazama vifurushi, masanduku na magunia yaliyopita huko.

Safari za kale za wenyeji nyingi zilikuwa za karibu. Mwanamke wa Kibukusu aliyekwenda kuwaona wazazi wake alijitwika kikapu cha nafaka au ndizi juu ya ngata ya majani yaliyosokotwa, mikono ikabaki huru kwa mtoto na kwa kuku. Wakikuyu na Wakamba walibeba mgongoni kwa ukanda uliopita kwenye paji la uso. Huku magharibi uzito ulikaa utosini. Mzigo wa utosini una masharti yake. Unataka kitako kipana, uzito uliolingana pande zote, na vitu vidogo vyote ndani ya chombo kimoja, kwa sababu kila kifurushi cha ziada kinateka mkono mmoja.

Ipo pia safari iliyokuwa, na ingali, haina mfuko hata mmoja. Kijana wa Kibukusu anayekaribia tohara, ambayo kwa desturi hufanyika Agosti katika miaka inayogawanyika kwa mbili, huzunguka kwa jamaa zake kuwaalika akigonga chinyimba, yaani kengele za chuma, kwenye pete za mikononi. Kwa mjomba, ndugu wa mama, huchinjiwa mnyama na kuvishwa luliki, kipande cha nyama kinachoning'inia shingoni, naye hurudi nyumbani amekivaa. Mizigo mingine huachiwa wanaomsindikiza.

Misafara ya Waswahili na Waarabu kutoka Mombasa na Pangani ilifika eneo hili katika nusu ya pili ya karne ya 19 ikitafuta pembe za ndovu. Kituo chao kikuu kilikuwa Mumias, wakati huo ikiitwa na Wapwani Kwa Sundu, kwa jina la Shiundu, baba yake Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga. Mjini Kitale, kwenye uwanja wa klabu ya zamani ya walowezi, huonyeshwa duara la mawe ambalo masimulizi ya mji husema watumwa walifungiwa hapo. Vitabu vya watalii hupenda kuyarudia masimulizi hayo. Katika maandishi ya wasafiri wa wakati ule, hata hivyo, kinachojitokeza zaidi upande huu wa Elgon ni pembe, na pembe ndiyo iliyopanga msafara wote.

Mzigo wa mpagazi ulikuwa wa frasila mbili hivi, yaani ratili 60 hadi 70, au kilo 27 hadi 32. Mtu hubeba uzito huo kutwa nzima na kuurudia kesho yake. Ukizidi, hulala njiani au hutoroka usiku. Bidhaa za biashara zilikatwa kulingana na kipimo hicho kabla hazijaondoka pwani. Nguo za merikani na kaniki zilikunjwa, zikabanwa na kushonewa ndani ya majamvi hadi robota likawa gumu kama gogo, maana nguo iliyolegea huingiza maji na kuyumba begani. Shanga ziliingia katika mifuko myembamba mirefu. Nyaya za shaba na chuma zilikunjwa mviringo, nusu ikafungwa upande mmoja wa mti na nusu upande wa pili, ili bega la mbebaji liwe katikati. Pembe kubwa iliyozidi nguvu za mtu mmoja ilifungwa kwenye mti na kubebwa na wawili, kazi ambayo wapagazi waliichukia, kwa kuwa mmoja akijikwaa wote wawili huanguka.

Vitu vya biashara vilifungwa mara mbili. Mwaka 1883 Mskoti Joseph Thomson alisafiri kutoka pwani hadi Kavirondo, jina la wakati huo la nchi ya mashariki ya Ziwa Viktoria, sehemu kubwa ya njia akiwa pamoja na msafara wa Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani aliyeijua njia ya Umasaini kuliko Mzungu yeyote. Walipofika Taveta kazi ilikuwa kufungua mifuko ya shanga na kuzitunga upya, maelfu kwa maelfu ya nyuzi, kwa urefu ambao Wamasai walikubali kuupokea. Shanga zisizotungwa hazikulipa kitu huko mbele, na kuzitunga zote njiani huku watu wamesimama wakidai hongo ni kutafuta ugomvi. Aliyepanga vizuri aliweka shanga za kila nchi mahali pake, akajua mzigo wa mtu fulani ndio utakaofunguliwa katika kambi fulani.

Uongozi wa mizigo hiyo ulikuwa kazi ya ofisi bila meza. Kila mzigo ulitiwa alama na kuandikwa daftarini pamoja na jina la mpagazi, na mpagazi yule yule aliubeba hadi ufunguliwe. Siku ya kwanza msafara ulitembea mwendo mfupi tu ukapiga kambi karibu na mji. Aliyesahau kitu akarudi kukichukua, aliyepewa mzigo mzito kuliko wenzake akalalamika, kamba zilizolegea zikakazwa. Usiku mizigo ilirundikwa pamoja katikati ya kambi juu ya magogo au vijiti, kwa ajili ya mchwa na unyevu wa ardhi, ikafunikwa turubai na kuwekewa mlinzi. Asubuhi kila mtu alikwenda kwenye mzigo wake gizani bila kuuliza. Punda walikuwepo pia, wakibeba shogi pande mbili, ila punda huhitaji kufungwa upya kila alfajiri, na anapolala chini na mzigo wake mtoni hakuna daftari litakalookoa nguo.

Kilichotia shida kuliko bidhaa ni chakula. Vita vya Wamasai wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimeufanya uwanda wa Uasin Gishu kuwa mtupu; kati ya Njemps, karibu na Ziwa Baringo, na vijiji vya kwanza vya Kabras hapakuwa na mtu wa kuuza unga. Posho ya mpagazi ilikuwa kibaba kwa siku, karibu gramu 700. Njia ya siku kumi isiyo na soko ilimwongezea kila mtu kilo 7 juu ya frasila zake mbili, na hizo ndizo kilo zilizoamua kama msafara ungefika. Ndiyo maana nchi ya Wabukusu na ya Wawanga, yenye wimbi, mtama, ndizi na kuku kwa wingi, ilipendwa sana na watu wa misafara. Hapo mikoba ya chakula ilijazwa upya kabla ya kurudi mashariki. Thomson mwenyewe aliondoka Elgon baada ya kuona mapango yake, na siku ya mwisho ya mwaka 1883 akajeruhiwa vibaya na nyati. Mkuu wa msafara, aliyekuwa akigawa mizigo, sasa alikuwa mzigo wa kubebwa na wapagazi wake.

Serikali ya Kiingereza ilipoweka kituo Mumias mwaka 1894 na kuwashambulia Wabukusu katika ngome za Lumboka na Chetambe mwaka 1895, barabara ya mhandisi Sclater nayo ilichimbwa miaka hiyo kutoka Kibwezi kuelekea Busia ili magari ya ng'ombe yapite. Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901. Hata hivyo kipimo cha mpagazi hakikufa. Kampuni za Nairobi zilizowahudumia wawindaji matajiri, ya kwanza kwa sifa ikiwa Newland & Tarlton iliyoanzishwa mwaka 1904, ziliendelea kufunga kila kitu katika masanduku ya ratili 60: chai, nyama ya kopo, risasi, taa, mvinyo. Sanduku la chakula la siku fulani lilikuwa na kila kitu cha siku hizo, sukari kidogo na chumvi kidogo na biskuti kidogo, ili lisifunguliwe zaidi ya moja kwa wakati. Mpango huo ni bora kuliko kuweka sukari yote pamoja. Sanduku moja likianguka mtoni, safari hupungukiwa siku chache badala ya kukosa sukari hadi mwisho.

Mfano unaokumbukwa zaidi ni wa Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu urais wa Marekani. Mwaka 1909 aliwinda katika uwanda wa Uasin Gishu hadi mto Nzoia, akawatazama Wanandi wakiua simba kwa mikuki karibu na Sergoit. Alikuja na tani 4 za chumvi ya kuhifadhia ngozi, pamoja na vitabu 60 hivi vilivyojalidiwa upya kwa ngozi ya nguruwe ili vistahimili jasho, damu na mafuta ya bunduki. Vitabu hivyo viliwekwa katika kasha la alumini na kitambaa kisichopenya maji, na uzito wote ulikuwa chini kidogo ya ratili 60, yaani mzigo wa mpagazi mmoja. Dadake aliyempa vitabu hivyo alikuwa New York. Kikomo cha maktaba kiliwekwa na utosi wa mtu wa Afrika Mashariki.

Walowezi walileta kipimo kingine. Agosti 1908 familia 47 za Makaburu zilizoongozwa na Jansen van Rensburg ziliondoka Nakuru na magari yao ya ng'ombe, zikafika Sergoit mwezi wa Oktoba baada ya kupanda misitu na kuvuka madimbwi ambako gari moja lilihitaji ng'ombe wa magari mawili. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia askari wa Kiingereza waliopewa mashamba Trans Nzoia, nchi inayozunguka Kitale, walifuata njia ya matope kutoka stesheni ya Londiani kupitia Eldoret. Gari la ng'ombe hubeba mamia ya kilo, hivyo jembe la kukokotwa, jiko la chuma na hata piano viliingia. Vizito vilikaa chini juu ya ekseli, magodoro na nguo juu yake, na vyungu, shoka, kamba na gunia la unga vikaning'inizwa nje ambako mkono unafika. Ubaya wake ni kwamba gari likizama, vyote hushushwa matopeni, kuanzia magodoro hadi jembe, kisha hupangwa tena ng'ambo. Eldoret husimuliwa kwamba sefu ya benki ya kwanza iliangushwa kutoka kwenye gari, ikawa nzito mno kuinuliwa, na benki ikajengwa kuizunguka pale ilipolala.

Wenyeji waliingizwa katika ubebaji wa aina nyingine kabisa. Vita vilipoanza mwaka 1914, na hasa katika msako mkubwa wa watu uliosimamiwa na John Ainsworth mwaka 1917, vijana wengi wa Kavirondo ya Kaskazini walichukuliwa kuwa wabebaji wa jeshi, Kariakoo. Walipewa blanketi na kibati chenye nambari. Makumi ya maelfu ya wabebaji wa Afrika Mashariki walikufa, wengi wao kwa kuhara na njaa kuliko kwa risasi. Waliorudi walikuta sheria ya kipande ikianza kutekelezwa. Kuanzia mwaka 1919 na 1920 mwanamume wa Kiafrika aliyevuka mpaka wa hifadhi yake kutafuta kazi alilazimika kuwa na karatasi yenye alama za vidole, rekodi ya mwajiri na mshahara. Karatasi hiyo ilikaa ndani ya kikopo cha bati kilichofungwa kwa uzi na kuvaliwa shingoni. Mtu wa Bungoma aliyekwenda kulima katika shamba la mlowezi karibu na Kitale angeweza kusahau blanketi, lakini kusahau kipande kulimpeleka jela. Hadi kilipoondolewa mwishoni mwa miaka ya 1940, kipande kilikuwa kitu cha kwanza kuwekwa tayari katika kila safari, na ndicho pekee kilichofungwa kwa amri ya serikali.

Katikati ya miaka ya 1920 reli mpya ilipita Eldoret, Turbo, Broderick Falls (Webuye ya leo) na Bungoma kuelekea Tororo, na mwaka 1926 tawi kutoka Leseru likafika Kitale. Mji wa Bungoma ulikua kuzunguka stesheni yake. Gunia likawa malkia wa usafirishaji: mahindi ya Trans Nzoia yalipimwa kwa gunia la ratili 200, na kilo zilipoingia likabaki gunia la kilo 90 ambalo wakulima wa Kitale wanalitaja hadi leo. Abiria wa daraja la tatu walisafiri na vikapu, ndizi na kuku chini ya viti. Mzigo mkubwa ulikabidhiwa karani, ukapimwa, ukabandikwa karatasi ya jina la stesheni na mwenyewe akapewa risiti. Kwa mara ya kwanza mtu na mzigo wake waliweza kuachana Bungoma wakakutana Nairobi, na jina lililoandikwa juu ya sanduku likawa muhimu kuliko kamba iliyolifunga.

Hapo ndipo sanduku la bati lilipochukua nafasi yake. Askari wa jeshi la kikoloni la KAR (King's African Rifles) waliorudi kutoka Burma, makarani na walimu walitoka nalo mijini, likiwa na rangi nyeusi au ya kijani, kitasa na pete mbili za kutia kufuli. Lilizuia panya, mchwa na mvua, na likawa kiti barazani na meza ya kupigia pasi. Shule za bweni ndizo zilizolieneza. Friends School Kamusinga ilianza mwaka 1957 karibu na Kimilili. Lugulu, Kibabii, Misikhu na shule nyingine za misheni zilikuwa zikipokea watoto waliotembea au kupanda lori siku ya kufungua. Shule ilituma karatasi ya mahitaji, nayo karatasi hiyo ilisomwa nyumbani kama hati ya mahakama: shuka jozi mbili, blanketi moja, ndoo, beseni, sahani, kikombe na kijiko, kiatu cheusi, sabuni ya kufulia na ya kuogea, dawa ya viatu, jembe au panga la kufyekea. Kilichopungua kilionekana langoni, kwa sababu mwalimu wa zamu au kiranja alifungua sanduku na kutaja kitu kimoja kimoja.

Kulipanga sanduku hilo kulikuwa na kanuni ambazo watoto walirithishana bila kuandikiwa. Vitabu vizito viliwekwa chini na ubavuni penye bawaba, ili sanduku lisielemee upande wa kufuli linapobebwa. Shuka zilikunjwa bapa na kufanya tabaka. Nguo za kuvaa siku ya kwanza zilikaa juu kabisa. Sabuni haikukaa na unga wala njugu, kwani mche wa sabuni ya kufulia huharibu kila kinacholiwa kando yake. Kopo la mafuta ya kupikia lililokwisha lilioshwa likatiwa sukari, maziwa ya unga au chumvi. Soksi ziliingizwa ndani ya viatu na kijiko ndani ya kikombe. Ndani ya kifuniko mwenye sanduku alibandika ratiba ya masomo kwa uji, na nje jina, nambari na bweni viliandikwa kwa rangi nyeupe na mafundi waliotoza kwa herufi, jambo lililowasikitisha wenye majina marefu. Ufunguo ulifungwa kwa uzi shingoni, palepale babu alipokuwa amevaa kipande. Godoro lilikunjwa likafungwa kamba ya katani, na ndoo ikabeba vilivyobaki. Vitu vitatu, basi: sanduku, godoro, ndoo. Wanafunzi wa miaka ya 2000 walikuwa bado wanasafiri hivyo, ingawa masanduku sasa yalitoka kwa mafundi wa jua kali badala ya viwandani, na bati lake likiwa jepesi kiasi cha kubonyea kwa goti.

Baada ya uhuru mashamba ya walowezi yalipogawanywa chini ya mipango ya makazi iliyoanza mwaka 1962, familia nyingi za Kibukusu zilihamia Trans Nzoia kwa malori kupitia Misikhu, Kamukuywa na Kiminini. Hizo zilikuwa safari za kuhama, mabati ya paa chini, magunia juu, mbuzi nyuma kabisa. Basi nalo likaishinda reli kwa abiria wa kawaida, kwa sababu lilisimama penye kila njia panda. Keria ya juu ya basi ilikuwa na utaratibu wake: wa kushuka mwisho hupandisha kwanza, godoro hufunika masanduku, baiskeli hulazwa juu, turubai na kamba humalizia. Utingo aliyekumbuka mzigo wa nani uko kona gani alikuwa na thamani kuliko dereva mwenye mbio. Kutoka Bungoma ulipanda unga, ndizi na kuku aliyefungwa miguu. Desemba, watu wa Nairobi waliporudi ushago, keria ilijaa sukari, mikate, majani ya chai na nguo za mitumba. Pesa zilisafiri zimeshonewa ndani ya nguo au kufichwa ndani ya unga, hadi M-Pesa ilipoanza Machi 2007 na kuondoa kitu kimoja kikubwa katika orodha ya vya kuficha.

Begi la magurudumu lilibuniwa Marekani mwaka 1970, na lile la kusimama lenye mpini wa kuvuta mwaka 1987. Katika stendi za Kitale na Bungoma leo yanaonekana mengi. Magurudumu hayo hufanya kazi kwenye lami tu. Mvua ikinyesha na mwenye begi akiwa na kilomita mbili za udongo kutoka barabarani hadi nyumbani, hulipakia kwenye bodaboda au hulibeba kichwani.

Badiliko la karibuni lilitoka serikalini. Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea vitu, na adhabu ikawekwa kuwa hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka 4. Mifuko hiyo ilikuwa imeingia katika kila safari: ya kufunikia viatu, ya nguo zenye unyevu, ya chakula cha njiani, ya kukinga mvua juu ya sanduku. Nafasi yake ilichukuliwa na mifuko ya kitambaa chepesi inayouzwa madukani, vikapu, magazeti, na magunia ya nailoni ambayo hapo awali yalikuwa na mbolea au sukari, yakioshwa, kukaushwa na kushonwa mdomo kwa sindano ya gunia kabla ya kupandishwa basini.